Kucheki rekodi ya jinai ya wajumbe wa bodi ya HOA na meneja wao, bila kujitafutia kesi

Sisi tuliohamia Marekani tukanunua nyumba, hasa huku Texas, wengi tumejikuta ndani ya HOA, yani chama cha wenye nyumba wa mtaa, bila hata kuiomba. Siku ya kukabidhiwa nyumba unasaini makaratasi mpaka mkono unakufa ganzi, kumbe kwenye lile bunda kuna karatasi inasema wewe sasa ni mwanachama wa chama cha wenye nyumba, ada utalipa upende usipende. Alafu siku ya uchaguzi wa bodi hatuendi. Mimi nilienda mara moja tu, kulalamikia faini ya majani, nikarudi nyumbani nikiwa mjumbe wa bodi maana viti vilikuwa 5 na waliojitokeza hawakufika 5.

Miezi michache mbele ikaletwa hoja kwamba kila anayegusa pesa za mtaa achekiwe rekodi ya jinai, yani hii bakgraundi cheki tunayofanyiwa kila tukiomba kazi. Hoja nzuri. Tatizo tulivyoianza. Mjumbe mwenzetu mmoja aliingia kwenye zile saiti za kutafuta watu, akalipia na kadi yake, akaandika jina la mgombea mmoja mmoja, na kesho yake asubuhi bodi nzima ina imeli kwamba jirani yetu fulani, baba mmoja Mkongomani, alishafungwa Georgia kwa wizi. Yule baba aliposikia akaja kwangu, kwa vile mimi ndo wa kuongea naye Kiswahili pale, akaniambia "Ndugu, miye Georgia sijafikaka hata siku moja." Na kweli hajafika. Mwenye kesi ni mtu mwingine kabisa, jina hilohilo, na tarehe ya kuzaliwa hiyohiyo, Januari 1.

Aliyepita kambi ya wakimbizi anajua hiyo Januari 1 inatoka wapi. Ukifika huna cheti cha kuzaliwa, unaulizwa mwaka, unautaja, na siku na mwezi karani anakujazia yeye. Kwahiyo kuna watu wengi sana huku wamezaliwa siku moja kwenye karatasi, na ukiongeza majina yetu yanayofanana, ukimcheki mtu kwa jina na tarehe unaweza kumuumiza asiyehusika.

Basi naandika nilivyojifunza baada ya pale, hatua kwa hatua, kwa yeyote aliyeko kwenye bodi au anayetaka kugombea. Mimi sio wakili, na kila HOA inatakiwa iwe na wa kwake, muulizeni kabla hamjapiga kura kuhusu jambo lolote kati ya haya.

Hatua ya 1: soma sheria ya jimbo lako kwanza, sio katiba ya mtaa

Wengi tunakimbilia makabrasha ya HOA. Hapana, anza na jimbo, kwa sababu majimbo yanapishana vibaya sana kwenye hili.

Texas ipo kwenye Property Code, kifungu 209.00591. Kinasema mambo mawili ambayo ukiyasoma haraka utadhani yanagongana. La kwanza, sharti lolote la HOA linalomzuia mwenye nyumba kugombea bodi ni batili, isipokuwa yale ambayo kifungu chenyewe kinayaruhusu. Yani hamuwezi kukaa kikao mkatunga kwamba "mwenye kesi yoyote asigombee" au "asiyekubali kuchekiwa asigombee". La pili, bodi ikiletewa ushahidi wa maandishi, kutoka kwenye kumbukumbu za chombo cha dola cha kusimamia sheria, kwamba mjumbe alitiwa hatiani kwa feloni, yani kosa zito la jinai, au kwa kosa la uovu wa tabia (moral turpitude) ndani ya miaka 20 iliyopita, basi huyo hapohapo anakosa sifa, anahesabika ameshatolewa na harudi tena.

Soma tena maneno "kumbukumbu za chombo cha dola". Printi ya saiti ya kutafuta watu sio hiyo. Umbea wa grupu la WhatsApp la mtaa sio huo. Ile imeli ya mwenzetu kisheria ilikuwa karatasi tupu, ila kwa jina la mtu ilikuwa sumu.

Na hilo "kosa la uovu wa tabia", wale tuliopita kwenye makaratasi ya uhamiaji tunalijua, ni lile lile swali la kwenye fomu linalotutoa jasho. Kwa Texas wizi umo, utapeli umo, kutoa taarifa ya uongo polisi imo. Kuendesha umelewa mara moja bila kuumiza mtu, kwa kawaida haimo. Yani jirani aliyekamatwa na bia mbili miaka kadhaa nyuma sio sababu ya kumtoa kwenye bodi, hata kama humpendi.

Sura ya 209 ni ya mitaa ya nyumba. Kama unakaa kondo (condo, jengo la pamoja ambalo kila mtu anamiliki sehemu yake) Texas, sheria yenu ni nyingine, usinichanganye.

Florida ni kali zaidi mlangoni. Sura ya 720 inasema aliyetiwa hatiani kwa feloni hana sifa ya kuwa mjumbe mpaka haki zake za kiraia ziwe zimerudishwa angalau miaka 5 kabla ya siku anayotafuta kuchaguliwa. Na mwenye deni la ada naye hagombei. Tena huko mjumbe akishashtakiwa tu kwa feloni ya wizi wa pesa za chama, anaondoka kwenye kiti kesi ikiendelea, hasubiri hukumu.

California imekaa kivyake na mimi ndo naipenda kuliko zote, kwa vile inauliza swali la maana. Kwenye Civil Code, kifungu 5105, mgombea anaweza kuenguliwa kama HOA inajua ana hatia ya nyuma ambayo akichaguliwa itaizuia HOA kupata ile bima ya wizi wa ndani inayotakiwa na kifungu 5806, au itaifuta iliyopo. Bima yenyewe isipungue akiba yote ya chama ukijumlisha na michango ya miezi 3. Kwahiyo pale hawaulizi wewe ni mtakatifu au vipi, wanaulizia kampuni ya bima itakubali kukubeba ukishika pesa zetu au haitakubali. Bima nitairudia chini.

Hatua ya 2: tenganisha mjumbe na meneja

Mjumbe ni mwenye nyumba mwenzako, hana mshahara, kachaguliwa. Meneja ni mtu wa kazi, au kampuni imepewa mkataba. Wengine wanatumia fomu moja kwa wote wawili na hapo ndo wanapoharibu.

Kwa meneja una nguvu zaidi maana ni mkataba. Florida ina leseni ya mameneja wa jumuiya, inahitajika kama chama kina nyumba zaidi ya 10 au bajeti ya mwaka inapita dola 100,000, na mwombaji anatoa alama za vidole zinazopita polisi ya jimbo na FBI. Leseni unaicheki mwenyewe mtandaoni bure. Texas hakuna leseni ya namna hiyo kabisa, mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita meneja wa HOA. Vyeti vya umeneja wa jumuiya kama CMCA vipo na ni vizuri, ila vinakuonyesha kasoma kazi, havikuambii ameshaiba au hajaiba. Kwahiyo huku mzigo wa kucheki ni wenu.

Kama mna kampuni, msichukue ripoti za wafanyakazi wake, mtajibebesha siri za watu bure. Andikeni kwenye mkataba kwamba kampuni inacheki kila mfanyakazi anayegusa akaunti zenu, anayeshika funguo za bwawa na jengo, au anayeingia kwenye nyua za watu, inacheki kabla hajaanza na kila baada ya muda mtakaokubaliana, na inawapa barua yenye saini kila mwaka kwamba imefanya. Ikikataa kuweka hilo kwenye mkataba, mmeshajua mnaongea na nani.

Kwa mjumbe, hasa Texas, fanyeni iwe hiari. Sisi tuliweka hivi: mtu akishachaguliwa, akitaka kuwa mweka hazina au kusaini cheki, anaombwa akubali kuchekiwa. Akikataa anabaki mjumbe na kura yake anapiga, ila benki jina lake haliendi. Wakili wetu aliona hiyo inapita kwa vile kiti cha kuchaguliwa hatujakigusa, tumegusa tu nani anatia saini. Wa kwenu mwambieni aiangalie kivyake.

Hatua ya 3: ruhusa ya maandishi, kwenye karatasi yake peke yake

Hapa ndo kesi nyingi zinapozaliwa. Marekani ina sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti za watu, FCRA. Ukinunua ripoti kwa kampuni ya kucheki watu kwa ajili ya kazi, lazima kwanza umwambie mtu kwa maandishi kwamba utanunua, kwenye waraka wenye hilo tu, usilifiche ukurasa wa 6 wa fomu ya maombi, na yeye akubali kwa maandishi. Mjumbe wa kujitolea naye mpe heshima hiyohiyo, usianze kubishana kwamba halipwi, hicho kibarua cha kisheria hukitaki. Ukikiuka makusudi, kila mtu uliyemkosea anaweza kudai dola 100 mpaka 1,000 hata bila kuonyesha hasara, hapo hujaweka gharama za mawakili.

Na zile saiti za kutafuta watu, shuka mpaka chini kabisa utakuta wenyewe wameandika kwamba sio kwa ajili ya kuajiri wala kupangisha. Hawajaandika kwa kupendezesha.

Hatua ya 4: tafuta mahali penye rekodi yenyewe

Hakuna kompyuta moja ya Marekani yote ambayo jirani anaweza kuifungua. Wale waliozoea cheti cha tabia njema cha nyumbani, unaenda polisi unaweka vidole unapewa karatasi moja imemaliza kila kitu, huku inawachanganya sana. Rekodi zimetawanyika. Mashtaka mengi ya jinai yanaanzia mahakama ya kaunti au ya wilaya ya jimbo, na karani wa mahakama ndo mwenye faili. Jimbo linakusanya, Texas ni DPS, idara ya usalama wa umma ya jimbo, wana saiti ya umma unayolipia hela kidogo, inaonyesha hatia na zile hukumu za kuahirishwa (nitazieleza Hatua ya 6) zilizoripotiwa kwao. Kesi za shirikisho hazipo huko hata kidogo, ziko kwenye PACER, saiti ya mahakama za shirikisho, senti 10 kwa ukurasa na haizidi dola 3 kwa waraka, na ukiwa umetumia dola 30 au chini kwa robo mwaka hawakutozi.

Usiiruke hiyo PACER. Utapeli kupitia benki na kupitia mtandao, yani makosa yanayofanana kabisa na kuiba pesa za HOA, mara nyingi yanaenda mahakama ya shirikisho. Ukicheki kaunti peke yake utamkuta mtu msafi kama pamba.

Na umcheki kila alikoishi, sio anapoishi sasa tu. Aliyekaa Ohio miaka 8 akahamia kwenu juzi, rekodi ya kaunti yenu haina cha kukuambia.

Kuna njia nyingine ambayo watu wetu nawashauri sana, mtu mwenyewe aombe rekodi yake FBI. Ni dola 18, anatoa vidole, posta kadhaa zinachukua, na ni yeye tu anayeweza kuiomba. Kwa mtu wa Januari 1 vidole ndo mkombozi, maana jina mnaweza kufanana na karani akawapa siku moja ya kuzaliwa, ila vidole hamuwezi kuchangia. Yule baba Mkongomani ndo alivyofanya, akaleta karatasi kikaoni mwenyewe.

Hatua ya 5: hakikisha ni yeye

Jina la kwanza, la kati, la mwisho, tarehe, na anuani za zamani, vyote vikubaliane na faili la mahakama. Vikikubaliana viwili kati ya hivyo, bado. Jina la Kikongo linaandikwa kwa mpangilio tofauti kwenye kila karatasi, jina la baba linakaa mbele hapa, kule linakaa nyuma, jina la Kikristo limekatwa. Wasomali na Waswahili wa pwani wanabeba jina la baba na la babu, Mohamed Ali Hassan ukimtafuta huku unapata kijiji kizima. Kompyuta ikikosa jina kamili inakuletea "linalofanana", na hilo linalofanana ndo linaloandikwa kwenye ripoti kwa herufi nyekundu. Fungua faili lenyewe mahakamani, angalia umri, urefu, picha kama ipo. Ni nusu saa ya kazi.

Hatua ya 6: soma ripoti kama mtu mzima

Kukamatwa sio kutiwa hatiani. Kushtakiwa sio kutiwa hatiani. Kesi iliyofutwa imefutwa. Texas kuna ile hukumu ya kuahirishwa, mtu anakaa kwenye uangalizi, akimaliza vizuri kesi inafungwa bila hatia, ila kwenye printi inakaa na inatisha, hiyo muachieni wakili asome. Ripoti za kampuni kwa kawaida haziruhusiwi kuonyesha kukamatwa kulikopita miaka 7 bila hatia, isipokuwa kazi yenye mshahara wa dola 75,000 au zaidi, kwahiyo ukiliona la mwaka 2009 kwa mtu wa mshahara mdogo, kampuni yenyewe imekosea.

Kwa mfanyakazi jiulize mambo matatu ambayo tume ya usawa kazini, EEOC, iliyaweka kwenye mwongozo wake wa 2012: kosa lenyewe ni zito kiasi gani, muda gani umepita, na linahusiana vipi na kazi anayoiomba. Aliyeghushi cheki miaka 4 iliyopita asiwe mweka hazina. Aliyepigana baa akiwa na miaka 19, leo ana 45, anakuja kusimamia mkandarasi wa majani, kuna nini hapo?

Hatua ya 7: kama kuna kitu, mwambie yeye kwanza

Kabla hujamnyima kazi kwa ajili ya ripoti unampa nakala ya hiyo ripoti na muhtasari wa haki zake, alafu unasubiri siku kadhaa, watu wengi wanatumia siku 5 za kazi. Akisema sio yeye, analalamika kwa kampuni na wao wana kama siku 30 za kuchunguza. Mkishaamua kumkataa, barua ya pili, yenye jina la kampuni iliyotoa ripoti na haki yake ya kupata nakala bure ndani ya siku 60.

Mazungumzo yafanyike faragha. Texas bodi inaruhusiwa kujifungia kwa mambo ya wafanyakazi na mambo yanayoingilia siri ya mwenye nyumba, alafu uamuzi unasemwa kwa kifupi kwenye kikao cha wazi na kuandikwa. Imeli kwa bodi nzima hapana. Yule mwenzetu aliomba msamaha kikaoni mbele za watu, na bahati yake jirani ni mtu mpole, wengine wangempeleka mahakamani kwa kuchafuliwa jina na wangeweza kushinda.

Ripoti ikishatumika iko kwenye droo yenye kufuli ya mtu mmoja, na muda ukiisha inachanwa kwa mashine. Sio kwenye Google Drive ya bodi ambayo wajumbe wa miaka 3 iliyopita bado wanaifungua.

Hatua ya 8: bima na benki, hapa ndo pesa inapolindwa

Ukweli ni kwamba kucheki rekodi kunamuona mwizi aliyeshikwa tu. Las Vegas, kuanzia kama 2003 mpaka 2009, kundi la watu lilinunua kondo kwa majina ya watu wa kukodi, likachakachua uchaguzi, likajaza bodi za HOA watu wake ili mikataba ya ukarabati na ya mawakili iende kwa wenyewe. Kesi ilikuwa ya shirikisho na makumi ya watu walitiwa hatiani. Miami, Novemba 2022, waendesha mashtaka waliwakamata viongozi wa zamani na wa wakati huo wa HOA kubwa ya The Hammocks, wakiwatuhumu kupitisha zaidi ya dola milioni 2 kwa makandarasi hewa, na mwaka uliofuata Florida ikakaza sheria zake. Mtu anayeibia mtaa wake kwa mara ya kwanza, rekodi yake siku ya uchaguzi ni nyeupe.

Kwahiyo chukua sera yenu ya bima ya wizi wa ndani, isome. Angalia kiasi chake kama kinafikia akiba mliyonayo, nyingi hazifiki. Angalia kama wajumbe wa kujitolea wamo, na kama kampuni ya menejimenti imetajwa kwa jina, isipotajwa na karani wao akahamisha pesa mnaweza kubaki mnaangaliana. Alafu tafuta sehemu inayosema kinga kwa mtu fulani inakoma pale mnapojua kwamba aliwahi kufanya wizi au udanganyifu, hata kama ni kabla hajaja kwenu. Hiyo sentensi ipo kwenye sera nyingi na watu hawaioni. Maana yake, mkicheki, mkakuta, mkanyamaza kwa sababu ni mtu wa kanisani kwetu, siku akichukua hamlipwi hata senti. Mkikuta kitu mpigieni wakala wa bima wiki hiyohiyo, muulize kwa maandishi kama anakubalika, na jibu liwe kwa maandishi.

Benki: saini mbili kwa akiba, taarifa ya mwezi iende moja kwa moja kutoka benki kwa mjumbe asiye mweka hazina, na kila mjumbe aandike kila mwaka kampuni gani yeye au ndugu yake ana maslahi nayo. Hiyo ya mwisho haihitaji FBI. Ndo ingewabana wale wa Las Vegas mapema.

Na wewe ambaye hauko kwenye bodi, Texas una haki ya kuomba vitabu vya HOA kwa barua ya posta ya aina ya certified mail, wana siku 10 za kazi kukujibu, na kampuni inayowasimamia unaikuta hoa.texas.gov. Omba mkataba wa meneja na taarifa za benki za miezi 12. Andika barua fupi, tarehe juu, taja unachotaka na miezi gani, na ile risiti ya posta usiitupe.